Mpini wa Mpingo

Fundi Faidha hakuwa mtu wa maswali. Ukimpelekea cherehani mbovu, aliipindua, akainusa, akazungusha gurudumu lake nusu mzunguko huku ameliinamishia sikio, kisha akakwambia mwenyewe ilikotoka, ilivyotunzwa, na ni fundi gani mlevi aliyeichokonoa kabla yake. Iliyolala jikoni aliitambua kwa masizi. Iliyoshonea magunia aliitambua kwa meno ya kusukumia nguo, yaliyokwisha upande mmoja. Watu wa Masasi walimtania kwamba ni mganga aliyesahau tunguri zake nyumbani, naye hakuuchukia utani huo. "Binadamu atanidanganya," alipenda kusema. "Chuma hakiwezi."

Basi Jumatatu moja ya Oktoba, korosho zimeanza kuokotwa na mji mzima unanuka mabibo yaliyochacha, binti mmoja mwembamba aliingia kibandani kwake na salfeti kichwani. Kibanda kilikuwa kando ya barabara iendayo Newala, ukuta mmoja na Dastani, fundi baiskeli. Binti alitua mzigo, ukagonga sakafu kwa kishindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mzigo. Umetoka nao mbali?"

"Newala huko."

Newala ni kubwa, ina vijiji vyake, lakini binti hakutaja kijiji na Faidha hakumuuliza. Alisema anaitwa Mwanaisha. Alivaa gauni la mikono mirefu iliyomfika viganjani, na joto la Oktoba pale Masasi, mawe ya milimani yakikurudishia jua lote ulilolikimbia, si joto la kuvalia mikono mirefu. Faidha aliliona hilo, akaliweka kando.

Ndani ya salfeti mlikuwa na bonge la kutu. Mtu mwingine angelipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Faidha aliliinua, akaliweka juu ya meza, akalizunguka mara mbili, na uso wake ulilainika kama wa mtu aliyeona mtoto mchanga.

"Hii ni ya mkono, tena ya kale hasa," alisema. "Ona kiuno chake kilivyo chembamba. Na hapa chini bobini haikai kwenye duara kama za siku hizi, inakaa kwenye kichombo chenye umbo la mtumbwi, kinakwenda mbele na nyuma. Aina hii waliacha kuiunda kabla bibi yangu hajavunja ungo. Zimebaki chache sana."

Katika maisha yake alikuwa ameshika tatu za aina hiyo. Mbili zilikuwa kwa masista. Ya tatu ilikuwa ya hayati baba yake, nayo hakupenda kuikumbuka.

"Itapona?" aliuliza Mwanaisha. "Mume wangu hajui kama nimeileta. Yuko Mnyambe, anasimamia korosho za kaka yake mpaka wiki ijayo. Nataka akirudi anikute nashona."

"Itapona. Ilikaa wapi?"

"Stoo, mama. Ilikuwa ya bibi yake mume wangu." Alilisema haraka, macho chini. Kisha akaongeza, "Ila mpini wake mbaya. Nilijaribu kuzungusha ukaniumiza kiganja. Kama umetengenezewa mkono wa mtu mwingine."

Mpini ulikuwa umeviringwa na ganda jeupe lililochanganyika na kutu, huwezi kujua ni mti au chuma. Faidha aliutazama kidogo tu.

"Tutachonga mwingine," alisema. "Njoo Alhamisi."

Laiti angemuuliza mumeo nani. Swali moja tu, ambalo mwanamke yeyote wa Masasi angelianza nalo kabla hata mgeni hajaketi. Lakini mtu na tabia yake, na Faidha alikuwa na sababu zake za kutopenda kuuliza habari za ndoa za watu. Binti aliacha namba ya simu, akaaga, akaenda zake stendi.

Kufufua cherehani iliyoshikwa na kutu ni kazi ya subira, na wasio na subira ndio wanaovunja vyuma vya watu. Unaitia mafuta ya taa kila tundu na kila kiungo, unaiacha ilale. Asubuhi unalijaribu gurudumu kwa vidole viwili, likigoma unatia tena. Skrubu ikikataa unaipasha moto kwa kaa la jiko, hutumii nyundo. Faidha aliufungua mpini ule mbaya, akautumbukiza katika kopo la mafuta ya taa, akauweka juu ya rafu. Kisha akaanza na mwili.

Jumanne mchana ndipo chuma kilipoanza kusema, na kilichosema hakikumpendeza.

Kutu ya stoo huja kwa madoa, huku imekula, huku imeacha. Kutu hii ilikuwa imekula kila mahali sawasawa, hadi ndani ya matundu ya mafuta. Na juu yake palikuwa na lile ganda jeupe. Faidha alilikwaruza kwa ukucha, akaweka chembe ulimini. Akatema. Ilikuwa chokaa ya saruji.

Alikaa kitini akaifikiria Newala. Kule juu uwandani mto hakuna, bwawa hakuna. Maji watu huyafuata bondeni, au huyavuna kwenye bati wakati wa masika na kuyaweka katika visima vya saruji walivyochimba uani. Chuma kikilowa miaka kule juu, kikavaa chokaa ya saruji, basi kimelowa pahali pamoja tu.

"Dastani!" aliita. "Hebu njoo uone."

Dastani alikuja na mikono yake ya grisi, mtu mfupi mwenye kitambi na maneno mengi. "Fundi, leo umeitisha mkutano wa kijiji?"

"Kisimani. Hii cherehani ilikuwa kisimani."

"Nani wa kutupa cherehani kisimani? Wamakonde wenzangu kule hawatupi hata kopo la majani ya chai."

"Haikutupwa," alisema Faidha. Alichukua kibano, akakiingiza chini ya mkono wa cherehani, pale penye uwazi ambapo nguo hupita, akavuta. Kilitoka kipande cha kamba ya manila, ya buluu, ngumu kwa chokaa. Kilikuwa na fundo, na fundo lenyewe lilikazwa mara tatu. Ncha moja ilikuwa imekatwa juzijuzi kwa kisu, nyuzi zake bado mpya. "Ilifungwa."

Dastani alikitazama kipande kile bila utani wowote. Wote wawili walijua maana yake. Hakuna anayekifunga chuma kamba na kukizamisha ila kama upande wa pili wa kamba pana kitu kisichotaka kuzama.

"Mrudishie mwenyewe," alisema Dastani mwishowe. "Mambo ya watu haya, Fundi. Usije ukajitia."

"Nitamrudishia Alhamisi," alijibu Faidha. Usiku alilala vizuri tu, kwa sababu bado lilikuwa jambo la watu.

Jumatano asubuhi alishusha lile kopo la mafuta ya taa. Ganda lilikuwa limelegea. Alichukua mswaki, akasugua, na chini ya ganda kukatokea weusi. Alidhani ni kutu nyeusi. Akasugua tena, akafuta kwa kitambaa, akausogeza mpini mwangani.

Ulikuwa mpingo. Haukuoza, kwa sababu mpingo hauozi, na majini huzama kama jiwe. Upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, na kwenye unene ule palikuwa na mfereji mdogo uliochongwa kwa tupa, ulionyooka, urefu wa kidole gumba.

Faidha aliuachia mpini ukaanguka. Aliinama kuuokota, akabaki amekaa chini kwenye vumbi la chuma.

Duniani palikuwa na mpini mmoja tu wa namna ile, na aliyeuchonga ni yeye.

Binti yake wa pekee, Shamila, alipokuwa na miaka tisa, mchi wa kinu ulimvunja kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole kilipona kimenyooka, hakikukunjika tena. Alipofika umri wa kujifunza kushona, mpini wa kawaida ukawa unamponyoka. Analia, anaanza tena, unamponyoka. Faidha alinunua kipande cha mpingo kwa mchonga vinyago, akakaa siku tatu na tupa, anachonga, anampa mtoto ashike, anachonga tena, hadi kile kidole kisichokunjika kikapata pa kulala. Tangu hapo Shamila akawa anashona kuliko mama yake. Alipoolewa Kitangari na Bwanali, mnunuzi wa korosho, kijana mtaratibu wa kanzu safi, Faidha alimpa cherehani ile ya marehemu babu yake, mpini wake ukiwa mahali pake. Waliokuwapo arusini walisema mama amempa mtoto mkono wake.

Mwaka wa tatu wa ndoa, Bwanali alikuja Masasi na pikipiki, macho mekundu. Shamila ametoroka, alisema. Kafuatana na mfanyabiashara wa vitenge, wamevuka Ruvuma, wameelekea Msumbiji kwenye machimbo. Faidha hakukubali. Alisema mwanangu hawezi, nendeni mkatafute. Na Bwanali, kwa sauti ya huzuni kabisa, akamjibu, "Mama, nami nilisema hivyohivyo. Lakini hata cherehani kachukua."

Hapo ndipo alipokubali. Maana kama Shamila angeteleza kisimani, kama angeumwa na nyoka njiani, cherehani ingekuwapo nyumbani. Aliyeondoka na cherehani yake ameondoka kwa hiari yake, tena hana nia ya kurudi.

Radhi ya mzazi kwetu si maneno ya kuchezea. Faidha alisimama mbele ya majirani na ndugu, akasema mtoto aliyenivua nguo hadharani simpi radhi yangu, hai wala maiti. Akasema asiitwe tena Mama Shamila. Mtu aliyejisahau akamwita hivyo hakumwitikia. Dastani aliwahi kuteleza siku moja, akakaa mwezi mzima bila salamu. Mji ukazoea. Akawa Fundi Faidha, au Fundi tu, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama aliwahi kuwa mama wa mtu.

Kisha, kwa sababu ni mwanamke aliyelelewa akaleleka, akafanya lililopasa. Alichukua doti mbili za khanga, mchele na kuku, akafuatana na kaka yake hadi Kitangari, kumwomba mkwe msamaha kwa aibu ya binti yake. Bwanali aliwapokea vizuri mno. Nyumba yake ilikuwa na visima viwili vya maji ya mvua, kimoja kipya na kimoja cha zamani chenye ufa, ambacho alisema amekifunga kwa kufuli kisije kikaua mtoto wa mtu. Uani kivuli kilikuwa mahali pamoja tu, juu ya mfuniko wa zege wa kisima cha zamani. Bwanali alitandika mkeka pale. Faidha aliketi juu yake, akala ugali na mbaazi, akamwombea mkwe wake mema, akasema Mungu atakupa mke bora kuliko huyu.

Haya yote yalimjia akiwa amekaa chini kibandani, mpini mkononi, na kila moja lilipomjia alilisukuma. Alijaribu kuwaza mengine. Pengine Shamila aliiuza cherehani njiani. Pengine amerudi, yuko Newala, anaona haya kuja. Alimpigia Mwanaisha simu mara sita. Haipatikani. Kule kwenye mikorosho mtandao una siku zake.

Lakini fundi ni fundi, na jicho lililozoea kusoma chuma halikubali kufumba kwa kuwa linachosoma kinauma. Kamba. Fundo la mara tatu. Chokaa. Akakumbuka na jingine, ambalo alikuwa amelizika chini kabisa. Miezi miwili kabla ya kupotea, Shamila alikuja Masasi shavu limevimba, akasema mama, naomba nikae kwako kidogo. Naye akamjibu kwamba ndoa ni kuvumiliana, akampakia kwenye gari la saa nane akamrudisha.

"Fundi?" Dastani alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, kuna nini?"

Alimwonyesha mpini. Dastani alikuwa ameuona ukichongwa, miaka ile. Alivua kofia yake.

"Usimwambie mtu," alisema Faidha. "Mpaka huyu binti aje. Nataka anitajie nyumba kwa mdomo wake. Nikienda kituoni na mpini tu watanicheka."

Alhamisi alfajiri alikuwa kazini. Mikono ilitaka kazi, la sivyo ingefanya jambo baya. Aliupiga msasa mwili mpaka chini ya kutu yakaonekana mabaki ya maua ya dhahabu ya kiwandani. Alisafisha kichombo cha bobini, akabadilisha sindano, akatia mafuta mapya, akaurudisha mpini mahali pake na kukaza skrubu. Akapitisha uzi. Akaweka kipande cha khanga chini ya mguu wa kukandamiza nguo, akazungusha.

Ilishona. Baada ya yote yale ilishona, taratibu, kwa mlio uleule mkavu aliokuwa akiusikia kutoka chumba cha pili akipika, akajua mtoto yuko nyumbani. Faidha aliweka kidole gumba chake kwenye mfereji. Hakikutosha. Hakikuwa kimechongewa yeye.

"Nimekupa radhi, mwanangu," alisema. Kisha akaona maneno yale yamepinduka, aliyekosa ni nani na anayesamehe ni nani, akaona aibu mbele ya chuma. "Nisamehe wewe, mama," alisema. "Nisamehe."

Saa tatu Mwanaisha aliingia anahema. Shikamoo yake ilitoka nusu. Hakuitazama hata cherehani kama imepona.

"Mama, nimekuja kuichukua. Hata kama hujamaliza, nipe hivyohivyo."

"Kaa, mwanangu."

"Siwezi kukaa. Ananisubiri."

"Nani?"

"Mume wangu." Alilamba midomo. "Mama, nilikudanganya. Haikuwa stoo. Kule kwetu maji tunanunua ndoo kwa ndoo, nikasema mvua haijaja, nikisafishe kile kisima cha zamani akirudi afurahi. Kufuli lake limeliwa na kutu, nikalivunja. Nikashuka kwa ngazi. Mwaka huu kimekauka, limebaki tope tu. Ndiyo nikaiona cherehani, imefungwa kamba. Nikaikata kamba nikaitoa."

"Imefungwa kwenye nini?"

"Furushi. La turubai. Zito, limezama kwenye tope, nilishindwa kulivuta. Nilidhani korosho za zamani." Sauti yake ilipungua. "Leo asubuhi kanipigia, na mimi mdomo wangu huu, nikashindwa kuficha. Nikamwambia nasafisha kisima, nikamuuliza lile furushi nilitupe? Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza umetoa nini. Nikasema cherehani tu, ipo kwa fundi. Fundi gani? Nikamwambia mmoja wa Masasi, mwanamke, Fundi Faidha. Akakata simu. Akapiga tena, akasema nije niichukue sasa hivi, nisiongee na wewe neno hata moja, halafu nipande boda nimfuate njia ya Chiungutwa, tukutane huko porini kabla ya kijiji. Akasema nisimwambie mtu ninakokwenda." Alimtazama Faidha kwa macho ya mtoto. "Mama, kwani mnajuana?"

Mkono wa gauni ulikuwa umepanda alipokuwa akieleza. Kifundoni palikuwa na alama nne za vidole, zimeanza kugeuka manjano. Faidha alizitazama, na kwa mara ya kwanza katika biashara yake akauliza lile swali.

"Mumeo anaitwa nani?"

"Bwanali."

"Wa Kitangari. Nyumba ya visima viwili."

"Umeijuaje?"

"Niliwahi kukaribishwa," alisema Faidha. "Nilikaa juu ya ule mfuniko nikala."

Alisimama. Alimwita Dastani, akamwambia maneno machache. Dastani alichukua baiskeli ya mteja iliyokuwa karibu, isiyo na breki, akashika njia ya kituo cha polisi anakanyaga kama kijana. Faidha alifunga mlango wa kibanda kwa ndani, akaweka komeo. Ndani kukawa na giza la saa tatu asubuhi, mistari ya jua ikipita kwenye nyufa za mbao.

"Mama, unanitisha," alisema Mwanaisha. "Atakasirika. Humjui akikasirika."

"Namjua."

"Nisipokwenda ataniua."

Faidha alimshika mabega. "Mwanangu, nisikilize. Alikuja mmoja kwangu na shavu limevimba, nikamrudisha. Niliambiwa katoroka na mali yake, nikaamini, nikamlaani. Wewe hutoki humu."

Binti alielewa polepole. Faidha aliliona likimwingia, kwanza usoni, kisha mikononi, kisha akageuka kuitazama ile cherehani pale mezani, nyeusi, imepakwa mafuta, na kile kipande cha kamba ya buluu kando yake. Akaweka kiganja mdomoni.

"Lile furushi," alisema. "Nililisukuma kwa miguu. Nililikanyaga, mama. Nililikanyaga ili nifikie ngazi."

Faidha alimketisha kwenye kiti cha wateja, akampa maji. Hakumwambia usilie.

Simu iliita. Ilikuwa kwenye mkoba wa Mwanaisha, ikaita hadi ikakatika, ikaanza tena. Nje watu walikuwa wakipita na kusalimiana, mama mmoja ananadi ming'oko, viazi pori vya kuchemsha. Polisi walikuwa bado. Mwanaisha aliitoa ile simu kwa vidole viwili, akaishika mbali na mwili wake.

Faidha aliichukua. Aliketi mbele ya cherehani ya mtoto wake, mkono wa kulia akaushika mpini, akabonyeza kupokea.

"Uko wapi wewe?" Sauti ilikuwa ileile, ya taratibu, ila nyuma yake palikuwa na upepo na muungurumo wa pikipiki. "Nimeshapita Chiungutwa na sikuoni. Nakuja hukohuko. Umeichukua?"

"Mwanaisha yupo kwangu," alisema Faidha. "Haji."

Muungurumo wa pikipiki ulipungua.

"Naongea na nani?"

Miaka sita alikuwa hajalitamka. Alidhani limekufa mdomoni, lakini lilikuwepo, halikuoza.

"Mama Shamila," alisema.

Upande wa pili, pikipiki ilizimwa.